Bogani: Nyumba ya Mawe na Nyumba Zilizoilisha

Matatu za namba 24 zikishatoka katikati ya Nairobi hushika barabara ya Lang'ata, zikapita ubavuni mwa Mbuga ya Taifa, kisha zikaingia mtaa wa Karen, ambako nyumba husimama mbali na barabara na kinachoonekana ni geti, ua uliokatwa vizuri na mijakaranda mirefu. "Makumbusho, mzee?" konda aliniuliza kabla sijamwambia ninakokwenda. Nilishuka, nikatembea hadi langoni, nikalipa kiingilio. Baada ya hatua chache kwenye njia yenye kivuli nikaiona: nyumba isiyo na ghorofa, imetandaa juu ya ardhi, ya mawe ya kijivu na paa la vigae, majani mabichi yameizunguka.

Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi katika nyumba hii tangu mwaka 1917 hadi 1931, na kwa ajili ya kitabu chake, Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937, pamoja na filamu ya jina hilo ya mwaka 1985. Mimi nilikuja kwa ajili ya nyumba yenyewe, iitwayo Bogani. Nimekulia Tanga, na kila tulipopanda milima ya Usambara tulizipita nyumba za walowezi wa Kijerumani waliokuja na ndoto ya kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Kahawa iliwashinda, nyumba zikabaki. Tangu hapo, nikisimama mbele ya nyumba ya mlowezi huwa nina maswali matatu: nani aliijenga, nani aliilipia, na wale walioifanyia kazi walilala wapi. Bogani inayajibu yote, ila anayetaka majibu hana budi kutoka sebuleni.

Aliyeijenga

Karen Blixen hakuijenga nyumba hii. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, aliyekuwa amejipatia ardhi kubwa chini ya vilima vya Ngong. Mwaka huo Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 13 tu. Ilizaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na nyumba zake za kwanza zilikuwa za mbao na mabati, zimeinuliwa juu ya nguzo ili mchwa na unyevu visizifikie. Nyumba za namna hiyo hujengwa na mtu ambaye bado hajaamua. Mambo yakiharibika, hung'oa mabati, hupakia mbao kwenye mkokoteni na kuhama. Katika mtaa huu huu ipo Swedo House, iliyokuwa ya Waswidi wa zama zile, nayo inasimama juu ya nguzo.

Bogani ni habari nyingine. Nilisogea karibu na ukuta wa nje nikaweka kiganja juu ya jiwe. Ni jiwe la kuchonga, uso wake una mikwaruzo ya patasi, na ukitazama kwa pembeni unaona kwamba kila moja lilipigwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na haraka kiasi. Ukuta ni mnene. Saa nne asubuhi ulikuwa bado na ubaridi wa usiku, ingawa jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mtu anayejenga ukuta wa namna hii amekwisha kuamua kwamba yeye na wanawe na wajukuu wake watakaa.

Sheria nayo ilikuwa imemwandalia makao. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka 1902 iliruhusu serikali ya Waingereza kuwapa walowezi ardhi kwa hati ya miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda huo hadi miaka 999. Wagikuyu waliokuwa na mashamba yao kwenye miinuko hii walijikuta wapangaji juu ya udongo walioufyeka babu zao. Jiwe la ukutani na hati ya ardhi vilisema jambo moja, kila kimoja kwa lugha yake.

Umbo la nyumba lilisafiri kutoka mbali zaidi ya Uswidi. Nyumba ya chini yenye vyumba vipana, upenu mrefu na baraza ya kuizunguka ilianzia Bengal, ambako maofisa wa Kiingereza waliitazama nyumba ya mkulima, wakaona jinsi upenu wake unavyozuia jua na mvua, wakaichukua na kuikuza. Ikafuata jeshi na ofisi zao kila walikokwenda. Huku Afrika Mashariki umbo hilo liliingia pamoja na reli, ambayo ilijengwa na Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba, na mafundi wa Kihindi wakawa waashi na maseremala wa Nairobi ya awali. Kwa hiyo nyumba ambayo leo watalii huiona kuwa ya Kidenmaki ilijengwa na Mswidi, katika koloni la Mwingereza, kwa umbo lililotoka Bengal.

Umbo hilo lilifaa hapa. Shamba lilikuwa juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Mchana jua hupiga kichwani, na upenu huweka kuta kivulini. Masika mvua huja kwa nguvu, na upenu huo huo huitupa mbali na msingi. Usiku wa Julai baridi huuma, na ndiyo maana vyumba vina mahali pa moto ukutani na dohani zinatokeza juu ya vigae. Fundi aliyeipanga alijua kwamba Nairobi si Mombasa, na kwamba nyumba ya huku inatakiwa ipoe saa nane mchana na ihifadhi joto saa mbili usiku.

Baraza ya magharibi

Sehemu iliyoniweka muda mrefu kuliko zote ni baraza ya nyuma, upande wa magharibi. Ukisimama hapo, macho huvuka majani, huvuka miti, na kuishia kwenye vilima vya Ngong, ambavyo vilele vyake vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Mstari wao huonekana bila kizuizi, na unaelewa mara moja kwamba nyumba nzima ilipangwa kwa ajili ya macho ya anayeketi hapa jioni.

Kwenye baraza hii liko jiwe la kusagia lililogeuzwa meza. Blixen ameandika habari zake. Lilitoka katika kinu kilichokuwa mtoni, ambacho wenyewe, Wahindi wawili, waliuawa, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukichukua. Jiwe lilikuwa limevushwa bahari kutoka Bombay, kwa kuwa mawe ya huku yalionekana si magumu vya kutosha kusaga. Nililizunguka. Limechoka pembeni, katikati lina tundu la mhimili, na uso wake umelainika kwa kazi ya miaka iliyotangulia kuwa meza. Kwa mtu wa pwani kama mimi, jiwe hilo ni mwenzangu: limefuata njia ya jahazi na meli ambayo imetuletea nguo, mchele na ndugu. Mwenye nyumba alikunywa kahawa yake jioni juu ya kitu ambacho kwa miaka mingi kiliwasagia watu wengine unga.

Ndani, chumba cha kulia na sebule vimefunikwa mbao kuta zake, nazo huupa mwanga wa dirishani rangi ya asali. Ngozi za wanyama zimetandazwa sakafuni. Kuna kabati za vitabu, na taa zile zinazosimuliwa sana ambazo Blixen alikuwa akizitundika nje. Baadhi ya samani ni zake kweli: alipoondoka alimuuzia Lady McMillan, mjane tajiri wa Nairobi, na baadaye zikapatikana tena na kurudishwa. Vitu vingine vilitengenezwa kwa ajili ya filamu. Mwongozaji, binti mchangamfu aliyeijua kazi yake, alitenganisha kwa uangalifu: hiki ni cha mama mwenyewe, hiki ni cha filamu. Nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu filamu yenyewe haikupigiwa katika nyumba hii.

Mapenzi ya Blixen na mwindaji wa Kiingereza Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwezi Mei 1931 na kuzikwa kwenye vilima vile vya Ngong, husimuliwa kila siku na kila kikundi. Yamekwisha kuandikwa vya kutosha. Nilimwomba mwongozaji anionyeshe jiko.

Jikoni kwa Kamante

Jiko limetengwa na nyumba, upande wa nyuma. Ndivyo zilivyojengwa nyumba nyingi za walowezi: moto, moshi na wapishi vilikaa mbali na mbao za sebuleni. Ndani kuna jiko la chuma la kuni la aina ya Dover na vyombo vinavyofanana na vya wakati ule. Chumba ni kidogo, na mtu akiwasha kuni asubuhi hadi usiku, joto lake halihitaji kusimuliwa.

Hapa alitawala Kamante Gatura. Alikuwa mtoto wa Kigikuyu wa pale pale shambani, mwenye vidonda vikubwa miguuni, ambaye Blixen alijaribu kumtibu akashindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti Thogoto. Alirudi amepona na amekuwa Mkristo, akaingia jikoni, akawa mpishi ambaye sifa zake zilienea Nairobi nzima. Hakujua kusoma, kwa hiyo kitabu cha mapishi kilikuwa kichwani mwake. Baadhi ya mapishi aliyapa majina ya jambo lililotokea siku aliyojifunza: mchuzi mmoja ukawa wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Mwaka 1928 Mwanamfalme Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza, alipokuja kula Bogani, alimsifia mwenye nyumba kwa mchuzi wake mmoja. Aliyeupika ni Kamante, naye kwa chakula chake mwenyewe aliendelea kupenda mahindi na viazi vya kwao.

Fikiria sahani ile ilivyosafiri. Ilitoka katika chumba hiki cha moshi, ikabebwa uani, ikaingia kwa mlango wa nyuma, ikafika kwenye meza yenye glasi na mishumaa, mbele ya mtu ambaye siku moja angeitwa mfalme wa nchi hii. Hatua hizo ni chache sana kwa mguu. Nilizitembea mwenyewe, polepole, kutoka jikoni hadi meza ya kulia, na nadhani kila anayekuja hapa angefaa azitembee. Mpango wa nyumba unaonekana wazi zaidi kwa njia ya mpishi kuliko kwa njia ya mgeni.

Msimamizi wa yote alikuwa Farah Aden, Msomali aliyekaa na Blixen tangu mwanzo hadi siku ya mwisho. Alishika fedha, funguo, farasi na wageni, akaleta mkewe kutoka Usomali, wakaishi shambani na jamaa zao katika makao yao wenyewe. Makao hayo leo hayapo. Kadhalika maduka ya Wahindi, shule ya jioni ya wafanyakazi na vijiji vyote vilivyokuwa katikati ya kahawa. Katika shamba zima lililokuwa na ekari 6,000, mgeni wa leo huonyeshwa nyumba hii moja na mitambo michache ya kahawa iliyowekwa bustanini.

Walioilipia

Kwenye karatasi, walioilipia nyumba ni jamaa za Blixen huko Denmark. Alifunga ndoa na Bror Blixen, Mswidi, mjini Mombasa tarehe 14 Januari 1914, mara tu baada ya kushuka melini. Fedha za shamba zilitoka kwa mama yake na ndugu wa upande wa mama, na mjomba wake, Aage Westenholz, akawa mwenyekiti wa kampuni ya kahawa iliyomiliki ardhi. Wanandoa walikaa kwanza katika nyumba ndogo jirani, wakahamia Bogani mwaka 1917. Mwaka 1921 jamaa hao walimwondoa Bror katika uongozi wakamwachia Karen shamba. Mwaka 1925 ndoa ikavunjika. Kila barua kutoka Denmark ilikuwa na swali la hesabu. Kwa maana hiyo Bogani ilikuwa nyumba ya ukoo kweli kweli: mama yake alikuja kukaa naye, kaka yake Thomas alimsaidia kuendesha shamba kwa miaka kadhaa, na hasara ilikuwa ya ukoo mzima.

Lakini kuna hesabu nyingine, nayo Blixen mwenyewe aliiandika bila kuificha. Ekari zipatazo 1,000 za shamba zilikaliwa na familia za Kigikuyu ambazo sheria iliziita za maskwota. Wengi walikuwa wamezaliwa hapo, na baba zao kabla yao. Ili waruhusiwe kuishi, kulima na kufuga, walitakiwa kumfanyia mwenye hati kazi siku 180 kwa mwaka. Ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ya mwaka 1918. Kwa kila siku 30 walilipwa shilingi 12. Na kila nyumba ya Mwafrika ilitozwa kodi ya shilingi 12 kwa mwaka.

Niliketi kwenye ngazi za baraza nikaipiga hesabu hiyo. Katika mji wa Mgikuyu mwenye wake watatu, kila mke alikuwa na nyumba yake, kwa kuwa ndivyo heshima ya mke na watoto wake ilivyokuwa. Nyumba tatu ni shilingi 36. Shilingi 36 ni siku 90 za kazi. Nusu ya siku alizomfanyia kazi mwenye shamba zilikwenda kulipia haki ya wake zake kuwa na paa juu ya vichwa vyao. Kodi hiyo ya vibanda haikuzihusu nyumba za Wazungu, hata ziwe na vyumba vingapi. Serikali ilipata fedha, na mlowezi akapata mikono, kwani asiyekuwa na fedha za kodi ilimbidi akazitafute kwenye mashamba.

Nyumba hizo zilizotozwa kodi zilikuwa na mafundi wao na kanuni zao, na kwa bahati njema zimeandikwa. Mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Blixen, Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu chake, Facing Mount Kenya. Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa misheni ile ile ya Thogoto ambako Kamante alitibiwa miguu. Humo ameeleza jinsi nyumba ya Kigikuyu ilivyojengwa: vifaa viliandaliwa mapema, wanaume wakakata miti na kusimamisha nguzo, wanawake wakaleta nyasi za kuezeka, majirani na jamaa wakakusanyika, na nyumba ilipaswa kukamilika na moto mpya kuwashwa ndani yake siku hiyo hiyo. Jua halikutakiwa kuzama juu ya nyumba isiyokwisha. Kila nyumba ya mke ilikuwa na sehemu zake zilizojulikana: mahali pa moto, pa kulala mama, pa watoto wa kike, pa mbuzi na kondoo. Mume alikuwa na yake, ambamo alipokea wageni. Ghala ya nafaka ilisimama kando.

Huo nao ni usanifu, wenye mpango, vipimo na adabu. Ulihitaji ujirani kama Bogani ilivyohitaji mtaji, maana asiyeitikia mwito wa kuwajengea wengine angejengewa na nani? Na ardhi ilikuwa moja. Mtu aliyeketi kwenye baraza ya magharibi jioni angeweza kuona moshi wa nyumba hizo ukipanda kabla vilima havijaingia giza.

Chifu aliyeomba mahali pa kufia

Kuna tukio moja ambalo huniambia zaidi kuhusu kuta hizi kuliko samani zote. Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkubwa wa Wagikuyu wa upande huu aliyewekwa na serikali, alikuwa akija Bogani kwa heshima zake zote, akiketi nje karibu na jiwe la kusagia wakati mambo ya shamba yalipoamuliwa. Mwaka 1929 aliugua sana. Walitaka kumpeleka hospitali ya misheni, hakutaka. Akamwita Blixen hadi kitandani kwake na kumwomba jambo moja: amchukue kwa gari, ampeleke Bogani akafie huko.

Blixen alikataa. Ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa amechoka, shamba lilikuwa likimponyoka, na aliogopa kwamba chifu akifia njiani au nyumbani mwake, madaktari na wamisheni wangemlaumu. Alirudi peke yake. Kinyanjui akafa usiku huo.

Simhukumu kwa wepesi. Yeye ndiye aliyeliandika, na mwenye kujipamba angelificha. Ila linaonyesha mpaka wa nyumba ulipokuwa. Mgikuyu aliweza kuipikia nyumba hii, kuilinda, kuiletea kesi zake barazani, kuja asubuhi kutibiwa vidonda. Watoto wachungaji waliingia kutazama saa yenye ndege anayetokeza na kulia. Lakini kuwa mgonjwa ndani yake, kulala kitandani mwake na kufa humo kama mtu wa nyumbani, hilo lilimshinda hata chifu, na hata mwenye nyumba aliyempenda. Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa Blixen vikali kwa jinsi alivyowatazama Waafrika wake, na wasomaji wengi wa Ulaya walikasirika. Ukisimama chumbani ukakumbuka ombi la Kinyanjui, ukali wa Ngũgĩ hauhitaji utetezi.

Kahawa ilipokataa

Shamba halikupata kufanikiwa. Ekari 600 zilipandwa kahawa, miti 600 kwa kila ekari, yaani karibu miti 360,000. Mapadri Wafaransa walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kahawa hustawi jirani na Nairobi, lakini chini ya Ngong ardhi ilikuwa juu mno kwa zao hilo, mvua hazikutosha, na upepo wa baridi ulishuka kutoka vilimani maua yakichanua. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Kisha bei ikaanguka dunia nzima pamoja na mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1931 kampuni iliuza.

Mnunuzi alikuwa na mpango wa kugawa ardhi katika viwanja vya ekari 20 kwa wakazi wa Kizungu, na ndivyo mtaa wa Karen ulivyozaliwa. Maskwota walipewa notisi. Sheria haikuwaruhusu kununua hata kipande cha ardhi waliyozaliwa. Walichoomba ni kuhamishiwa pamoja, wasitawanywe, kwa kuwa kijiji kinaweza kubeba makaburi yake kichwani ikiwa watu wake wako pamoja. Blixen alitumia miezi yake ya mwisho kwenda ofisi hadi ofisi, akamfikia gavana, na hatimaye wakapewa eneo katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Hilo ni jema alilolifanya, na linastahili kutajwa getini kama yanavyotajwa mapenzi yake.

Yeye alirudi Denmark akawa mwandishi. Nyumba ilipita mikononi mwa wengine. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliishi hapa hadi alipofariki mwaka 1954. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo cha lishe. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kamante hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1985. Lakini alikuwa amekwisha kusimulia habari zake kwa kinywa chake, na zilitoka kitabuni mwaka 1975.

Ninachokiomba

Wapo wanaosema nyumba kama hizi ziachwe zianguke, kwa sababu ni kumbukumbu za unyang'anyi. Siafiki. Jiwe lile lilichongwa na watu wetu na mafundi kutoka ng'ambo ya bahari yetu; zulia lilipigwa vumbi na watu wetu; kila kigae kimelipiwa na siku 180 za mtu mwenye jina. Kuiacha ianguke ni kupoteza risiti.

Ninachokiomba ni kwamba Bogani isisimame peke yake. Uwanja upo, tena mpana. Kwa mujibu wa alivyoandika Kenyatta, na kwa msaada wa wazee wa Kiambu na Dagoretti ambao bado wanakumbuka, mji wa Kigikuyu wenye nyumba za wake, nyumba ya mume na ghala unaweza kujengwa hapo, kwa siku moja, kama kanuni inavyotaka. Pembeni yake makao ya Farah. Ukutani, hesabu ya shilingi 12 kwa siku 30 na shilingi 12 kwa nyumba, kwa maandishi makubwa ambayo mtoto wa shule anaweza kuyanakili. Walowezi waliokusudia kukaa walijenga kwa mawe, na sisi tulijenga kwa miti na nyasi, na kwa sababu hiyo tu kumbukumbu yao imedumu na yetu imeoza. Hilo ni suala la vifaa, na vifaa vinaweza kurekebishwa.

Mpaka hilo litakapofanyika, nenda hata hivyo. Nenda asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajajaa. Anzia jikoni, si sebuleni. Hesabu hatua hadi meza ya kulia. Kisha mwulize mwongozaji maswali matatu: nani aliijenga, nani aliilipia, na walioifanyia kazi walilala wapi. Yule wangu aliyajibu yote, kwa furaha, akaniambia kwamba ni wachache sana wanaouliza.